Fichwa na Fichika

Nchi yetu ni nchi ya sheria. Wageni hawaamini mpaka waione, na wakishaiona huondoka upesi, nadhani kwa sababu ya wivu. Ina majimbo matatu, Chini, Kati na Juu, na barabara moja inayoyaunganisha, iitwayo Barabara ya Umoja. Zamani barabara hiyo ilikuwa na polisi. Kisha majambazi wakaongezeka, na serikali, ambayo haipendi kuona askari wake wakiumia, ikawaondoa polisi barabarani ikawapeleka mahali salama, yaani ofisini. Wananchi wakauliza watalindwa na nani. Serikali ikawajibu kwa Tangazo Namba Nne: kila msafiri wa Barabara ya Umoja atakuwa na bastola yake mwenyewe, atakayoinunua kwa hiari, na ni lazima.

Mimi ni Afisa Lugha Daraja la Tatu katika Kituo cha Mpakani, upande wa Jimbo la Kati, pale tunapopakana na Juu. Nina miaka kumi na tisa kazini. Naandika haya kwa sababu kuna watu wanaosambaza maneno kuhusu fundi cherehani mmoja aliyepita kituoni kwetu, na maneno yao yana makosa mengi ya sarufi.

Kabla sijamleta fundi, msomaji aelewe sheria, nayo ni rahisi. Jimbo la Chini linasema bastola ifichwe. Kule wana hoteli za watalii, na mtalii hapendi kupakuliwa supu na mtu mwenye bastola kiunoni. Ikionekana, miaka mitatu. Jimbo la Kati, jimbo langu, linasema bastola isifichwe. "Mtu mwema anaficha nini?" Gavana wetu aliuliza siku ya kuizindua sheria hiyo, akafungua koti mbele ya umati, watu wakaona anazo mbili. Ukiificha, miaka mitatu. Ukichoka na mambo haya ukaiacha bastola nyumbani au ukaitupa njiani, hilo ni kosa la kutelekeza silaha, miaka saba, katika majimbo yote. Hapo tumeungana.

Jimbo la Juu ndiko waliko wasomi. Sheria yao inasema bastola iwe imefichika.

Msomaji mwenye haraka atasema hiyo ni ileile ya Chini. Wengi wamesema hivyo, na baadhi yao wanaendelea kusema hivyo gerezani. Kitu kilichofichwa kina mtu aliyekificha. Kitu kilichofichika kimefichika tu, hakina mfichaji. Watu wa Juu hawataki bastola ionekane, maana inatisha watoto wa shule. Lakini pia hawataki mtu yeyote aifiche, maana anayeficha ana nia, na nia ni mwanzo wa jinai. Kwa hiyo bastola isionekane, na asiwepo mtu aliyesababisha isionekane.

Ni mimi niliyeligundua jambo hilo, mwaka wangu wa sita kazini, nikiisoma sheria yao wakati wa chai kwa kujifurahisha. Kabla ya hapo watu walikuwa wakivuka tu. Nilipandishwa kutoka Daraja la Nne, na Jimbo la Juu likaniandikia barua ya shukrani, likisema halikuwa limejua kwamba sheria yake ina maana kubwa kiasi hicho. Barua ile nimeitia kwenye fremu. Iko ukutani nyuma yangu, na kila msafiri anayesimama dirishani anaiona.

*

Fundi Chande alisimama dirishani Jumatano, saa mbili asubuhi, akiwa amevaa koti zito la kijivu katika joto la mwezi wa kumi na mbili.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba. Afisa Lugha."

Alinizidi umri kwa miaka kumi na tano hivi, lakini mbele ya dirisha la ofisi umri hugeuka. Aliomba radhi. Akatoa barua ya daktari, iliyokunjwa ikakunjuliwa mara nyingi mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Binti yake Mwatima, mwalimu wa shule ya msingi huko Juu, alikuwa amelazwa Hospitali Kuu ya Jimbo akiwa na uvimbe tumboni. Angepasuliwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Damu yake ilikuwa ya aina adimu, na benki ya damu ya jimbo ilikuwa na jengo zuri sana lakini haikuwa na damu hiyo. Waliyempima wakaona damu yake inalingana ni mmoja tu, baba yake. Daktari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: BILA DAMU HII HATUWEZI KUMPASUA, NA BILA KUMPASUA HATUNA LA KUFANYA.

Nilifungua Fomu ya Tamko.

"Unasafirisha nini?"

"Damu, bwana karani. Bwana Afisa."

"Iko wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani yangu mimi mwenyewe."

Niliangalia jedwali la bidhaa. Damu inaruhusiwa kuvushwa, mradi iwe kwenye chombo kilichofungwa vizuri kisichovuja. Nikamuuliza kama chombo kimefungwa. Mzee aliitazama mikono yake, huku na huku.

"Mpaka sasa kimefungwa," akasema.

Nikaandika: kimefungwa. Sehemu ya bastola nikaona tatizo, kwa maana sikuiona bastola, halafu nikaiona. Upande wa kushoto wa koti lake alikuwa ameshona mfuko wa nailoni angavu, na bastola ilikaa ndani kama picha ya harusi. Juu ya mfuko kulikuwa na kifuniko cha kitambaa chenye vifungo viwili. Alipokuwa Chini alifunga vifungo, bastola ikafichwa. Alipoingia Kati alifungua vifungo, bastola ikaonekana. Alinieleza hayo kwa haya kidogo, akigeuza koti nione mshono wa ndani. Bastola yenyewe alisema hajui hata inashikwaje. Muuzaji kule Chini alimwonyesha lakini yeye alikuwa akitazama jinsi mkanda wake ulivyoshonwa, akaona umeshonwa ovyo.

Mkuu wa Kituo, Bwana Fumbwe, alitoka ofisini kwake kuja kulitazama koti. Bwana Fumbwe ni mtu mkubwa, na akizungumza na mtu mmoja huwa anazungumza kama yuko uwanjani.

"Ndugu mwananchi! Nimefarijika. Ni kwa ubunifu kama huu, unaotokana na wananchi wenyewe, kwamba sheria zetu zinathibitika kuwa zinatekelezeka! Utanishonea la kwangu."

"Nikirudi, mheshimiwa. Nina mgonjwa."

"Bila shaka. Afisa, mpime."

Fundi alidhani anaambiwa yeye. Akatoa utepe mfukoni akampima Mkuu mabega na kifua, akaandika vipimo nyuma ya barua ya daktari.

*

Ikabaki sheria ya Juu. Kwa Juu, akifunga vile vifungo atakuwa ameificha. Akiviacha wazi itaonekana. Nilimweleza tofauti ya fichwa na fichika polepole, kwa mifano, na nakiri nilifurahi, kwa kuwa alisikiliza. Wasafiri wengi hutukana au hulia. Yeye alikunja uso kama mtu aliyepewa kitambaa kifupi akaambiwa kitoe gauni.

"Yaani ijifunike yenyewe," akasema.

"Hasa."

"Na upepo je? Upepo ukiifunika?"

Niliiweka kalamu yangu chini. Katika miaka kumi na tatu tangu nilipogundua fichika, hakuna mtu aliyewahi kuleta wazo safi namna ile. Upepo si mtu. Upepo hauna nia. Fundi akakaa kwenye benchi, akakata vifungo viwili kwa meno, akakishona upya kile kifuniko kwa nyuzi nne tu, kining'inie nyuma ya bega, upepo ukija ukirushe mbele.

Ila lazima iwepo Kamati ya kuthibitisha kwamba ni upepo na si mkono. Kamati ina wajumbe watatu. Mkuu na mimi tulikuwepo, wa tatu alikuwa semina ya usimamizi wa muda, angerudi kesho. Na hata angekuwepo, siku hiyo hakukuwa na upepo. Bendera ya kituo ilikuwa imenyong'onyea mlingotini tangu asubuhi.

Fundi Chande alikaa kwenye benchi siku nzima huku amevaa koti, akiogopa kulivua lisije likahesabiwa limekunjwa. Jasho lilimtiririka. Mchana simu yake iliita, nikasikia upande wake.

"Nipo mpakani, mama... Nasubiri upepo... Upepo, ndiyo... Usiulize, mwanangu, we lala tu. Nitafika."

Akaniambia kwamba Mwatima alipokuwa mdogo alikuwa akiokota pini sakafuni kwa sumaku, anazipanga kwa urefu, na ikikosekana pini moja halali. Ndiyo maana akawa mwalimu, akasema, hawezi kuacha kitu kimepotea. Nilimletea maji. Nilimpenda yule mzee. Nasema hivyo hapa kwa sababu kwenye fomu hakuna mahali pa kulisema.

*

Fomu ya Tamko hutolewa nakala tatu. Ya kwanza hubaki kwetu. Ya pili huenda Juu. Ya tatu, kwa mujibu wa mwongozo, ni "kwa wadau". Mwongozo hausemi wadau ni nani, na mimi si mtu wa kuuliza mambo ambayo hayajaandikwa. Kila siku saa nne asubuhi huja kijana mmoja mtanashati kwa pikipiki, anavua kofia, anatusalimia wote kwa majina, anawaulizia watoto wetu, anasaini "Mdau" na kuchukua nakala zake. Wakati mwingine hutuletea maandazi. Ni mwananchi pekee ninayemjua anayesoma fomu za serikali mpaka mwisho.

Alhamisi alisoma ya Fundi Chande akiwa amesimama.

"Afisa, hapa mmeandika haina risasi. Ni haina kabisa, au anazo pembeni?"

Nilimweleza. Kati ya kituo chetu na kituo cha Juu kuna hatua mia na ishirini za barabara zisizo za jimbo lolote. Tunapaita Eneo Mwafaka, kwa sababu hapo ndipo majimbo yalipoafikiana kwamba hayataafikiana. Kwa kuwa hakuna sheria ya kuilinda bastola iliyo na risasi mahali pasipo na sheria, risasi hutolewa, hutiwa kwenye bahasha, hufungwa kwa lakiri na kumfuata mwenyewe kwa gari la serikali, Jumanne.

"Kwa hiyo leo hana."

"Leo hana."

"Ahsante, Afisa. Unaeleza vizuri." Akamtazama fundi pale kwenye benchi, akamwamkia kwa heshima, "Shikamoo baba." Fundi akaitikia marahaba na kumwombea dua.

Mjumbe wa tatu alirudi saa saba. Saa nane na dakika kumi bendera ilitikisika. Fundi alisimama katikati ya barabara, mikono ameinyoosha pembeni mbali na mwili kama anayepimwa shati, na sisi watatu tukasimama mbele yake na kalamu. Upepo ulikuja na vumbi, kifuniko kikapiga, kikarudi, kikapiga tena, kikalala juu ya mfuko. Bastola haikuonekana.

"Imefichika!" akapaza sauti Mkuu. "Kamati imeshuhudia!"

Tukasaini. Nilihisi machozi. Nilimkumbusha masharti. Simu haziruhusiwi katika Eneo Mwafaka, hivyo yake itabaki kwenye trei yangu na kumfikia pamoja na risasi. Na asiliguse koti kwa namna yoyote mpaka afike ng'ambo, maana akiligusa, kufichika kutakuwa kumekwisha na kufichwa kutakuwa kumeanza.

"Sitaligusa," akasema. "Mungu akubariki, bwana karani."

Sikumrekebisha.

*

Nilizihesabu hatua zake kutoka dirishani. Alitembea taratibu, mikono pembeni vilevile, ili upepo usigeuze mawazo. Hatua ya sabini wanaume watatu walitoka chini ya kalvati. Wa mbele alikuwa yule mdau wetu. Hakuwa na haraka. Upepo ulikuwa umetulia na tulisikia kila neno.

"Baba, toa hiyo bastola."

"Siwezi kuigusa, mwanangu. Nikiigusa haijafichika tena."

"Toa, mzee."

"Hatua hamsini tu zimebaki. Nifike pale, nitawapa na bastola na koti. Nina mgonjwa. Ana damu kama yangu."

Mdau alinyoosha mkono kwenye kile kifuniko. Na yule mzee, ambaye hakuwa mbishi hata kidogo, alirudi nyuma hatua moja ili kisifunuliwe na mkono wa mtu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kama wanavyosema wale waliokuwa mbali. Milio ilikuwa miwili. Walimvua koti bila kulichafua zaidi, wakarudi kalvatini, tukasikia pikipiki.

Bastola zao zilikuwa mikononi, hazikufichwa wala hazikufichika. Lakini wale hawana leseni, na kanuni zote nilizozieleza zinamhusu mwenye leseni. Na kule Chini, duka linalowauzia wasafiri bastola lina kabati zima la zilizotumika kidogo. Mwenye duka simtaji, ila ni mtu mwema, hana anachoficha.

Mkuu alitoka mbio mpaka kwenye mstari mweupe, akasimama. Bastola yake ilikuwa kiunoni, inaonekana. Angeivusha mstari ikiwa inaonekana, Juu wangemkamata. Ng'ambo naye Inspekta wa Juu alikuwa amefika kwenye mstari wake, bastola yake imefichika, hata yeye hajui iko wapi. Wakapigiana saluti. Wakaanza kujadiliana kwa vipaza sauti.

"Mhusika ameangukia upande wenu! Kichwa kiko kwenu!"

"Kichwa ndiyo, lakini miguu iko kwenu! Na fomu ni yenu!"

Fundi Chande alikuwa hai. Alikuwa amejikunja ubavu, mikono yote miwili ameibana tumboni, kama anavyobana vipande viwili vya kitambaa huku akitafuta pini. Mara mbili aliinua kichwa kutazama upande wa Juu. Nilitazama saa, kwa kuwa ni kazi yangu kutazama saa. Ilichukua dakika arobaini na moja.

Sasa nitaandika jambo ambalo halimo kwenye taarifa. Mimi sina bastola. Ofisi ya Lugha haijawahi kupewa. Mtu asiye na bastola hakatazwi na kanuni yoyote, ya Chini, ya Kati wala ya Juu, kuingia Eneo Mwafaka na kutembea hatua sabini. Nimezisoma zote. Katika nchi nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa najua kwa hakika kwamba naruhusiwa. Nilikaa kwenye kiti, na kalamu nilikuwa nimeishika.

*

Taarifa iliandikwa jioni hiyohiyo. Niliandika, "Damu ya marehemu ilimwagwa katika Eneo Mwafaka." Mkuu alisoma, akavua miwani.

"Ilimwagwa na nani?"

Nilimtazama. Sote tulikuwa tumekula maandazi ya mtu huyo siku ileile.

"Afisa," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akizungumza kwa sauti ndogo, "wewe si ndiye unayejua lugha?"

Nikakata herufi moja, nikaongeza mbili. Ilimwagika. Mkuu alinishika bega na kusema huo ndio weledi. Kuhusu barua ya daktari aliomba ibaki kwake, kwa sababu ya vipimo.

Ijumaa saa mbili unusu asubuhi, simu kwenye trei iliita. Iliita muda mrefu.

"Baba, umefika wapi? Wananipeleka sasa hivi, wanasema wanakusubiri."

Nikamwambia mimi ni Afisa Lugha wa Kituo cha Mpakani. Nikamsomea taarifa, kwa kuwa sikuwa na maneno mengine. Nilipofika pale aliniomba nirudie.

"Ilimwagika?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Darasa la sita nawafundisha hicho kitu. Ilimwagika yenyewe, au kuna mtu aliyeimwaga?"

Nina miaka kumi na tisa kazini. Nyuma yangu kulikuwa na barua ya shukrani katika fremu. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni na chai yake.

"Yenyewe," nikasema.

Jumatatu taarifa ya hospitali ililetwa kwa ajili ya jalada letu. Ilikuwa ya mstari mmoja: "Mgonjwa hakuweza kupasuliwa kwa kuwa damu ilikosekana." Niliisoma mara mbili nikitafuta kosa. Ilikosekana. Hakuna aliyeikosesha. Na wao wana Afisa Lugha.

Niliigonga muhuri, nikatoa nakala tatu. Saa nne mdau alikuja kuchukua ya kwake. Alikuwa amevaa koti la kijivu, zito, na kwenye mfuko wa nailoni bastola ilionekana vizuri, kama sheria ya jimbo letu inavyotaka. Alinisalimia kwa jina, nikaitikia. Matundu mawili ya tumboni yalikuwa yameshonwa kwa uzi mweusi usioendana na kitambaa, mishono mirefu, ovyo. Yule mzee asingeshona hivyo.